Konsuli na Karatasi ya Dereva

Fundi cherehani alikuwa akipinda sketi ya shule simu ilipolia. Alikuwa mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu.

"Mke wangu, nimeshikwa huku ugenini. Kwenye kontena la mbolea zimekutwa simu za magendo. Haki ya Mungu, sizijui! Wamenipa karatasi nitie sahihi kesho. Lugha yao sielewi hata neno."

Shemeji yake, mdogo wa dereva, alikuwa pale pale. Mtaa mzima ulimwita Mjuaji, naye jina hilo lilimpendeza.

"Kaka, tia sahihi urudi nyumbani!" alipaza sauti. "Karatasi haing'ati."

Fundi naye alitaka kusema hivyo hivyo, kwa hofu aliyokuwa nayo. Lakini jirani aliyekuja kuchukua gauni lake akaomba simu. Alikuwa mpigachapa mstaafu wa Wizara ya Mambo ya Nje.

"Mwanangu, usitie sahihi usichokisoma. Waambie unamtaka konsuli. Ni ofisa wa ubalozi wetu anayesaidia raia. Ni haki yako."

Simu ilipokatika, Mjuaji akacheka. "Watu wa ubalozi? Kazi yao suti na picha. Hata mimi naiweza, mdomo ninao."

"Mdomo unao, baba," jirani akajibu. "Lugha ya kule unayo? Sheria zao je? Mkuu wa forodha ukimpigia, atakujua?"

Jirani akavuta kiti, akaendelea.

"Mwanadiplomasia wa kazi hapikwi siku moja. Anafanya mtihani, anasoma lugha, anaanzia chini. Kila kituo cha kazi kinamwongezea kitu. Viongozi wakibadilika, yeye yupo, na anayoyajua yapo. Ukimpa rafiki yako kazi hiyo kama zawadi, anayeumia ni raia aliyekwama kama mwenzetu."

Wakapiga ubalozini. Konsuli alikuwa mwanamke mwenye miaka kumi na tisa kazini. Aliuliza namba ya pasipoti, namba ya lori na jina la kituo alikoshikiliwa dereva.

"Saa mbili asubuhi nitakuwa pale, dada," alisema. "Hiyo karatasi nitaisoma mwenyewe."

Aliisoma. Ilikuwa ya kukiri kosa, na adhabu yake ni kifungo cha miaka mitano. Konsuli hakufoka wala kutisha mtu. Kwa lugha yao, aliomba kuona lakiri, kile chuma chenye namba kinachofunga mlango wa kontena. Namba yake ililingana na iliyoandikwa ghalani siku ya kupakia. Basi mlango haukufunguliwa njiani, na simu zilifichwa kabla dereva hajakabidhiwa mzigo. Akampigia mkuu wa forodha, mtu waliyewahi kutatua naye kesi nyingi. Siku ya nne dereva akaachiwa.

Sasa madereva wa kampuni ile hawasafiri bila namba ya ubalozi. Anayewaandikia ni Mjuaji, na ole wake atakayemwambia kwamba kazi ya ubalozi ni suti na picha.

Siku dereva aliporudi, alimgeukia mkewe.

"Konsuli alipoingia mlangoni," alisema, "kalamu nilikuwa nimeshaishika."

Fundi akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akalia.