Ukuta wa Kati

Tangu mumewe afariki, Mama hakulala tena katika chumba chao. Alilala sebuleni kwenye kochi, akidai mgongo wake umelipenda. Binti yake, mshonaji wa sare za shule, alijua hizo ni sababu za mdomoni tu.

"Mama, tubomoe huu ukuta wa kati," binti alisema asubuhi moja. "Chumba na sebule viwe kitu kimoja. Nipate pa kuweka vyerehani na meza ya kukatia."

Mama aliutazama mlango wa chumba. Ulikuwa umefungwa miezi mitatu.

"Bomoa," alisema. "Labda nitapumua."

Binti akapanda ngazi. Juu, ukuta unapokutana na paa, aliona vibamba vya chuma vimetoka ukutani na kupigiliwa kwenye boriti. "Baba naye, kila chuma alikibandika mahali," alisema, akavikata vyote kwa msumeno. Mikono ikachoka. Matofali akayaacha hadi kesho.

Alasiri upepo ukavuma, ukaipiga nyumba upande wa mbele. Paa likalia. Ulipotulia, ukuta wa mbele ulikuwa na ufa mpana kama kidole, juu, katikati ya nyumba.

Mama akamwita shemeji yake wa nyumba ya pili, fundi wa mapaa. Alikuja na kalamu sikioni.

"Shemeji, upepo umenionea," Mama alisema. "Umeona hapa hakuna mwanamume."

"Upepo haubishi hodi kuuliza nani yupo." Fundi aliinua macho kwenye boriti. "Nani kapanda juu?"

Binti akainamisha kichwa. "Mimi, baba mdogo. Lakini ukuta sijaugusa. Nilikata tu vyuma vilivyobaki, visivyo na kazi."

Fundi alitoa kalamu sikioni. "Vile tulivifunga mimi na baba yako. Yeye akishika, mimi nikigonga. Havikubaki, mwanangu. Viliwekwa."

Macho ya binti yalilengwalengwa na machozi. Fundi akalainisha sauti. "Lete kitambaa."

Binti alishika ncha moja, Mama nyingine, wakakivuta kikalala kama meza.

"Hili ndilo paa letu, la mbao na mabati," fundi alisema. "Ni jepesi, linapinda. Ninyi ni kuta za pembeni. Mimi ni upepo." Akasukuma ukingo wa kitambaa katikati. Kitambaa kikabonyea.

"Shemeji, kumbe upepo una kitambi," Mama alisema.

"Wewe shika tu. Unaona lilivyobonyea? Ukuta wa mbele umeshikwa na paa. Paa likienda, kichwa cha ukuta kinaenda nalo, unapasuka." Kisha akabana katikati ya kitambaa kwa mkono wa pili, akasukuma tena. Safari hii kilibonyea kidogo tu. "Mkono huu ndio ukuta wa kati. Unabeba karibu nusu ya msukumo, ninyi mnagawana unaobaki."

"Lakini ukuta bado umesimama," binti alisema.

Fundi akaachia vidole, mkono ukabaki hapo hapo. Akasukuma. Kitambaa kikabonyea kama mwanzo.

"Mkono upo," binti alisema polepole, "ila haujashika."

"Basi umeelewa. Vyuma ndivyo vidole. Na kabla ya kubomoa ukuta wowote, muulize anayeijua nyumba."

"Kwa hiyo nimekosa pa kushonea."

"Chumba unacho. Kimefungwa mlango tu."

Fundi aliyajutia maneno hayo mara tu yalipomtoka. Lakini Mama alikuwa tayari anatafuta ufunguo. Aliingia peke yake, akakaa humo kitambo. Alipotoka, alikuwa amekumbatia makoti ya marehemu.

"Leta meza yako," alimwambia binti.

Kesho yake fundi alifunga vibamba vipya. Upande mmoja alivichimbia ndani ya ukuta kwa saruji, upande wa pili akavikaza kwa bolti kwenye boriti. Ufa akauziba.

Wiki mbili baadaye upepo ulivuma tena, mkali kuliko wa kwanza. Fundi akaja mbio kuwatazama. Ukuta wa mbele ulikuwa mzima, hata lipu haikupasuka. Mama alikuwa ndani ya kile chumba, karibu na dirisha, akishona vifungo.

"Shemeji, toka nje kwanza tukague," fundi alisema.

"Kagua wewe," Mama alijibu bila kuinua macho. "Na usogee kidogo, unanizibia mwanga. Sare hizi zinatakiwa kesho."