Mawe Juu ya Bati

Mke wa fundi viatu alikuwa hoi. Si uchovu wa siku moja, la, ni ule wa kulala nao na kuamka nao. Apike, afue, amgeuze mama mkwe wake aliyepooza miguu. Halafu wingu likitanda alasiri, ambebe mgongoni hadi kwa jirani, maana paa lao halikuaminika.

Mumewe alijua dawa moja tu: mawe. Kila dhoruba ikipita, alipanda juu ya mabati akaongeza mengine. Watu walimtania kwamba anafungua machimbo.

Siku moja upepo uliwahi. Mke alikuwa ndiyo kwanza amefika mlangoni na mama mgongoni, bati likafunuka, jiwe likaanguka kitandani, palepale penye mto. Mume aliporudi na kuliona, alikaa chini.

Kesho yake alikuja jirani, mpimaji wa upepo katika kituo cha hali ya hewa. Aliwaeleza kwamba jua likichoma ardhi, hewa ya moto hupanda, na hewa baridi hukimbilia nafasi yake. Huo ndio upepo, duniani kote. Kwenye bahari zenye joto, hewa hiyo huweza kuzunguka hadi ikawa kimbunga.

"Lakini mawe ni mazito," mume akabisha.

Jirani akachana ukanda wa karatasi, akaushika chini ya mdomo, akapuliza juu yake. Karatasi ikainuka.

"Umeona? Upepo ukipita juu ya paa, unalivuta. Ukiingia mlangoni, unalisukuma kutoka ndani. Paa halitaki mzigo, ndugu yangu. Linataka kushikwa."

Walishusha mawe yote. Wakafunga mbao za paa ukutani kwa mikanda ya chuma. Wakaongeza misumari ya bati, hasa pembezoni, ambako upepo huanza kufunua. Mke akaambiwa dhoruba ikija afunge milango na madirisha.

Wiki iliyofuata wingu likatanda. Mke akafunga kila kitu, kisha kwa mazoea akainama kando ya kitanda.

"Leo sibebwi," mama mkwe akasema. "Keti, mwanangu. Umenibeba vya kutosha."

Akaketi. Upepo ukavuma, mabati yakalia weee, lakini hakuna lililobanduka. Mama mkwe alipotaka kumwambia kwamba upepo umepita, alimkuta amelala fofofo, kichwa kiko mapajani pake. Hakumwamsha.