Pembe Mbili za Kreta

Siku ya mnada Karatu, mwaka 1983, watu walisimama kumshangaa Wilibrodi, kijana wa Mbulumbulu aliyemaliza kidato cha sita, akiulenga mnara wa kanisa kwa kipande cha kadibodi chenye uzi na jiwe. Wengine walidhani ni mganga. Alipomaliza akautangaza urefu wake kwa madaha.

"Umesahau kujumlisha kimo chako," alisema binti mmoja mwenye gauni la maua na viatu vyekundu vya plastiki. "Umepimia machoni, si chini."

Huyo alikuwa Hyasinta, naye kamaliza kidato cha sita, na hesabu zilimtii kama mbuzi wa nyumbani. Wilibrodi alipenda palepale, wala sioni ajabu. Tangu hapo wakawa hawaachani, wakitaniana kwa mafumbo ya namba.

Baba yake Hyasinta alikuwa askari wa wanyamapori Ngorongoro, na mwaka ule majangili walikuwa wakiwamaliza faru. Siku moja binti aliingia posta, akamkuta mpenzi wake akipaza sauti kwenye simu ya Arusha: "Kaka Patrisi, pembe mbili nimeshazipata kule kreta. Usimwambie mtu."

Moyo ulimpasuka. Sekondari walisoma hesabu kwa Kiingereza. Pembe za jiometri alikuwa ameziacha shule ya msingi. Alizozisikia yeye zilikuwa za faru. Akaondoka bila salamu, na Wilibrodi alipomfuata kwao, alimzuia mlangoni.

"Baba akirudi namwambia. Pembe umezificha wapi?"

Wilibrodi alimkodolea macho, kisha akaelewa. Akaokota kijiti, akachora chini ukingo wa kreta, mahali pawili aliposimama kupimia, na pembe mbili za kutafutia kina chake. Ni kazi ya mashindano ya wanasayansi vijana, akaeleza, na Patrisi, ambaye ni seremala, atamchongea mfano wa kreta. Aliogopa tu wasije wakaibiwa wazo.

Hyasinta aliona aibu mpaka machozi. "Ningekupeleka kwa baba ufungwe, Wili."

"Kweli ungenipeleka?"

"Ningekupeleka. Halafu ningelia mpaka basi."

Wilibrodi akasema mke wa namna hiyo ndiye anayemtaka, na wakimaliza chuo atakuja kuposa.

Hyasinta alifuta macho, akauinamia mchoro. "Njoo upose. Ila mbili hazitoshi kuwa na uhakika, kesho twende tukapime ya tatu. Na kwenye mashindano tunaandika majina mawili, langu la kwanza."