Viti Mia, Tiketi Mia na Sita

Fundi saa alikuwa ameinamia saa ya mteja, pua nusura iguse meza. Mkewe aliingia na kikombe cha chai, akasimama kidogo akimtazama.

"Hii imenishinda," fundi alisema. "Skrubu ninayo mkononi, tundu lake silioni."

"Iache. Unywe chai kwanza."

"Nikiiacha hii nitaiacha na ile. Mwishowe nitaacha zote."

Kwa miaka thelathini fundi alikuwa akitengeneza saa katika chumba hicho cha mbele. Jicho lake la kushoto lilipoteza nuru zamani. Sasa na la kulia lilikuwa limeingia ukungu. Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya sekondari. Wanafunzi mia nne walimwita Bi Mpishi, na jina hilo likahamia mpaka mtaani. Kila akirudi kazini, hata kabla ya kuvua viatu, alimsaidia mumewe kutafuta vitu vidogo vilivyodondoka sakafuni.

Jumatatu moja jioni simu ililia. Alikuwa daktari wa macho kutoka mji mkuu.

"Kioo cha jicho cha kupandikiza kimepatikana," daktari alisema. "Kuna mtu aliacha ruhusa kwamba akifariki, macho yake yamsaidie mwingine. Mgonjwa wangu awe wodini Alhamisi saa mbili asubuhi. Akikosa, kioo atapewa anayemfuata kwenye orodha. Hakikai muda mrefu."

Kwa gari, safari ilikuwa ya siku mbili na nusu. Hawangewahi. Watoto wao watatu wakapigiana simu, wakachangishana, na tiketi mbili za ndege zikapatikana za Jumatano, saa nane mchana.

Jumatano Bi Mpishi hakutaka kuliacha jiko bila mwangalizi. Alimwelekeza msaidizi wake mambo ya kutwa nzima, akamwelekeza tena. Walipofika uwanjani, walikuwa watu wa mwisho kabisa kuripoti kaunta.

"Mmebahatika," dada wa kaunta alisema, akawapa pasi za kupandia ndege.

Fundi hakuwahi kupanda ndege maisha yake yote. Alikaa kiti cha dirishani, akafunga mkanda, akaugusa mara tatu kuhakikisha.

"Jicho limeshafika," alimnong'oneza mkewe. "Mwenyewe ndiye bado."

Walikuwa bado wanacheka mhudumu wa ndege alipokuja. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Samahani, mzee. Samahani, mama. Itabidi mshuke. Viti hivi vina abiria wengine."

"Abiria gani?" Bi Mpishi aliuliza. "Pasi zetu hizi hapa. Namba ni hizi hizi."

"Ndege imejaa kupita kiasi, mama. Kuna abiria wawili wako mlangoni, na wao wana tiketi. Wao waliripoti asubuhi, nyinyi mliripoti mwisho."

Fundi aligeuza uso kuelekea sauti ilipotoka.

"Mwanangu, mimi nimelipa. Nimekaa. Nimefunga mkanda. Nishuke nimefanya kosa gani? Kesho asubuhi hospitali wananisubiri."

Mhudumu alionekana kuumia, lakini alikwenda mbele kuzungumza na wenzake. Aliporudi, alikuwa na walinzi wawili.

"Mzee, inuka," mmoja alisema.

"Siinuki."

Hakutukana. Hakumsukuma mtu. Alishika tu mikono ya kiti, kama mtu anayeogopa kuanguka. Walinzi wakamfungua mkanda, wakamshika kwapani, wakamvuta. Kiwiko chake kiligonga kiti cha jirani. Miwani ikaanguka. Kiatu kimoja kikamvuka kikabaki chini. Walimpitisha katikati ya abiria wote, naye akisema kwa sauti ndogo, "Jamani, sioni. Jamani, mtaniangusha, sioni."

Abiria wengi waliinamisha vichwa. Mwanamke mmoja alinyanyua simu, akarekodi. Bi Mpishi aliokota miwani, akaokota kiatu, akawafuata.

Walipofika ukumbini alimkalisha mumewe kwenye benchi, akamvika kiatu. Kiwiko kilikuwa kinavimba.

Kaunta, dada yule yule aliwasogezea fomu.

"Tieni sahihi hapa, mama. Nafasi nyingine ipo Ijumaa asubuhi."

"Ijumaa? Upasuaji ni kesho!"

"Mama, si mimi niliyeuza tiketi nyingi kuliko viti. Mimi nimewekwa hapa kupokea maneno tu."

Bi Mpishi alishika kalamu. Alitaka amalize, amwondoe mumewe mahali pale. Kisha akamkumbuka jirani yao wa nyumba ya tatu. Mama huyo alifanya kazi kaunta ya kampuni nyingine ya ndege kwa miaka kumi na tisa kabla ya kustaafu, na mtaani walimwita Mama Tiketi. Bi Mpishi aliweka kalamu chini, akapiga simu.

"Mama Tiketi, wametushusha. Wamemburuta baba watoto kama gunia."

"Umetia sahihi yoyote?"

"Bado."

"Usitie. Vuta pumzi, dada yangu. Nieleze polepole."

Bi Mpishi alieleza. Mama Tiketi alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nikwambie kilichotokea," alisema. "Ndege ina viti mia. Kampuni inajua kila safari kuna watu watano, sita, hawatokei. Basi inauza tiketi mia na sita. Siku nyingi mambo yanakwenda. Siku wote wakitokea, ndipo wanaanza kutafuta wa kuacha. Na anayeripoti mwisho ndiye anayeachwa kwanza."

"Kumbe ni sisi tuliokosea?"

"Kuchelewa ni kosa dogo. Wao wamefanya kubwa. Waliuliza kwanza kama kuna abiria anayejitolea kubaki, kwa fidia?"

"Hawakumuuliza mtu."

"Hapo ndipo walipoharibu. Nchi haziko sawa kwa sheria, lakini sehemu nyingi wanatakiwa waanze na wanaojitolea. Na hilo lifanyike getini, kabla watu hawajakaa."

"Na baba watoto alipokataa kuinuka?"



"Namwonea huruma sana. Lakini siku nyingine, wakiamuru mshuke, shukeni. Ndani ya ndege amri ni ya rubani, na ubishi wa humo unaishia kwa mtu kuumia. Ubishi wenu ufanyieni chini. Kushuka hakumaanishi kwamba umekubali. Hata hivyo, hakuna utaratibu unaosema mgonjwa aburutwe hivyo. Hilo mtaliandikia malalamiko. Sasa chukua karatasi, uandike."

Bi Mpishi aligeuza karatasi ya hospitali, akaandika nyuma yake.

"Omba sababu ya kuachwa, kwa maandishi. Waambie wakutafutie ndege ya kwanza inayoondoka, hata kama ni ya kampuni nyingine. Mkilazimika kusubiri, chakula na malazi ni juu yao. Andika majina ya wote unaozungumza nao, na saa. Fomu isome yote. Kama imeandikwa kwamba hutadai tena, usiiguse. Na barua ya daktari unayo?"

"Ndiyo hii ninayoiandika mgongoni."

"Ewe mwanamke! Igeuze uwaonyeshe! Hapo kaunta wana safari za kampuni zote kwenye kompyuta. Na usipige kelele. Mwenye kelele wanamwitia mlinzi. Mwenye kalamu wanamwitia meneja."

Bi Mpishi alirudi kaunta. Sauti yake ilikuwa ile anayoitumia wanafunzi mia nne wanapogombania foleni ya chakula. Haikuwa kubwa, ila ilisikika.

"Mwanangu, naomba jina lako niliandike. Naomba pia sababu ya kutuacha, kwa maandishi. Na hii ni barua ya daktari. Naomba uisome."

Dada wa kaunta alisoma. Alisoma tena. Alimtazama fundi pale kwenye benchi, amekumbatia kiwiko chake.

"Hakuna aliyeniambia ni mgonjwa wa upasuaji," alisema taratibu.

"Yeye mwenyewe aliwaambia. Tutafutie ndege ya leo. Hata ya kampuni nyingine."

Meneja aliitwa. Alianza kwa kusema haiwezekani. Bi Mpishi akamwomba jina lake kamili, akauliza linavyoandikwa. Meneja alitazama kalamu, akatazama barua, akamgeukia dada wa kaunta. "Angalia ya saa kumi na moja."

Dada alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Viti viwili, mama. Vipo viwili."

Waliletewa chakula. Muuguzi wa uwanja alikifunga kiwiko cha fundi, akaandika alichokikuta kwenye cheti. Kabla ndege yao ya kwanza haijafunga mlango, yule mwanamke aliyerekodi alikuwa amempa mhudumu kikaratasi chenye namba yake ya simu. Mhudumu mwenyewe alikuwa ameshuka mbio kukileta mpaka benchini.

"Nisamehe, mzee," alimwambia fundi.

Fundi alinyanyua uso. "Nilikwambia nina hospitali."

"Ulisema. Nilisikia. Sikujua la kufanya."

Alhamisi saa mbili asubuhi fundi alikuwa wodini. Upasuaji ulichukua saa moja na nusu. Wiki ya kwanza aliona mwanga tu. Wiki ya pili aliona madirisha. Daktari alisema jicho litaendelea kusafika kwa miezi mingi, wasiwe na pupa.

Bi Mpishi hakukaa bure. Mama Tiketi alimwelekeza kwa simu, naye akaandika malalamiko ya ukurasa mmoja. Alitaja tarehe, saa na majina. Aliambatanisha cheti cha muuguzi, barua ya daktari na ile video. Nakala moja aliipeleka kwa kampuni, nyingine kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa ndege.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Kampuni iliomba radhi, ikatoa fidia. Ilisema walinzi wale wamerudishwa mafunzoni, na kwamba kuanzia sasa abiria wa kujitolea watatafutwa getini, kabla mtu yeyote hajapanda. Fundi aliomba asomewe mara mbili pale palipoandikwa "tunakuomba radhi, mzee wetu."

Daktari alipomruhusu kusafiri, walirudi nyumbani kwa kampuni ile ile. Safari hii waliripoti saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Dada wa kaunta wa huko aliwaambia wao ndio wa kwanza.

Wakiwa getini, kipaza sauti kikalia.

"Abiria wetu wapendwa, tiketi za leo zimezidi viti. Tunaomba abiria wawili wajitolee kusafiri kesho asubuhi. Watapewa hoteli, chakula na fidia."

Mbele ya meza alisimama kijana wa kiume na dada yake, wote wamevaa nguo nyeusi. Kijana alikuwa akisema, "Tunakwenda kumzika mama. Maziko ni leo saa kumi. Tafadhali."

Fundi alimgusa mkewe. "Sisi tuna haraka gani?"

"Mimi nina wanafunzi mia nne Jumatatu."

"Leo Jumamosi, mama watoto."

Bi Mpishi alimtazama mumewe. Tangu siku ile ya walinzi, fundi alikuwa akishtuka usingizini, akishika kitanda kwa mikono miwili. Sasa alikuwa ameshasimama, peke yake, bila kushikwa na mtu. Aliufuata mstari wa njano sakafuni mpaka mezani.

"Sisi tutabaki," alisema.

"Ngoja," Bi Mpishi alidakia, kalamu iko mkononi. "Tutabaki tukishaandikiwa. Ndege ya saa ngapi kesho, hoteli gani, fidia kiasi gani. Na chakula kiwe chakula, kisiwe biskuti."

Mfanyakazi alicheka, akaandika. Bi Mpishi alisoma mstari kwa mstari, ndipo akatia sahihi.

Kijana aliushika mkono wa fundi kwa mikono yake yote miwili. Fundi alimsogelea, akamtazama usoni kwa lile jicho moja lililokuwa bado jekundu, na akayaona machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Wahi, mwanangu," alimwambia. "Kiti ni chako."