Sauti Iliyouza Godoro

Onyesho lilifanyika Jumapili mchana, maana wale wazee wanne wa roki hawakeshi tena siku hizi. Mpiga ngoma ana mgongo, na wa gita la besi hupiga akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Hata hivyo ukumbi ulifurika mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Wakati wa kutoka, mlango ulikuwa mmoja na kila mtu ameloa jasho, na katikati ya msukumano huo mwanamke mmoja akasikia mtu nyuma yake akisema, kwa sauti nzito na laini kama anasoma taarifa ya habari:

"Anaigiza yule mzee. Anaigiza vizuri, lakini anaigiza."

Lo! Bora angemkanyaga mguu. Mwanamke aligeuka mzimamzima. Alikuwa mpima macho, mwenye duka lake dogo la miwani, na siku hiyo alivaa fulana ya bendi iliyochujuka, kaifunga fundo kiunoni juu ya sketi ndefu nyekundu.

"Nani anaigiza?"

"Mzee Kokoto." Ndivyo mashabiki walivyomwita mwimbaji kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Jamani, nani huja kwenye roki na viatu vya kung'aa? "Ule wimbo wa marehemu mkewe. Ubeti wa tatu sauti inamkatika. Nimelinganisha rekodi za maonyesho mengi, inakatika kwenye neno lilelile. Mtu halii kwa ratiba, dada yangu."

"Kwanza mimi si dada yako. Pili, mama yangu akilitaja jina la marehemu baba, sauti inamkatika. Miaka yote hii, jina lilelile. Naye anaigiza?"

Mwanamume akainamisha kichwa.

"Samahani," akasema. "Na pole kwa baba."

"Nimeshapoa. Sogea, tunazuia watu."

Walisogea, lakini si mbali. Walisimama pembeni ya muuza maji wakabishana juu ya Kokoto: wapi alivuta pumzi, wapi alilishikilia neno mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mashabiki wa bendi ile wana ugonjwa mmoja, nao ni kulinganisha. Kila onyesho hurekodiwa kwa simu, likatupwa kwenye kundi lao, na huko watu wazima wenye familia hugombana wiki nzima juu ya kwikwi moja. Hawa wawili walikuwa wagonjwa mahututi.

"Sauti yako naijua," mwanamke alisema hatimaye. "Nimekusikia wapi?"

"Nasoma matangazo ya biashara redioni. Ile sabuni ya madoa ni mimi."

"Wewe? Mama haachi kuinunua kwa sababu yako!"

Mwanamume akacheka, akaomba namba ya simu. Akapewa.

Basi simu zikaanza. Asubuhi: "Bosi wa miwani, umekunywa chai?" Mchana: "Bwana Sabuni, usinisumbue, nina mteja kizani hapa, nampima macho." Jioni wanatumiana rekodi za Kokoto na kubishana mpaka chaji inaisha. Waliitana mpenzi kwanza kwa utani, halafu utani ukaisha na jina likabaki. Mama mtu aliposikia, alifurahi kidogo na kuguna sana.

"Sauti yake naipenda, sikatai," alimwambia bintiye. "Ila mtu anayelipwa aseme anaipenda sabuni, siku akisema anakupenda wewe, utajuaje?"

"Mama nawe!" Akacheka. Lakini maneno yalimkaa.

Jumamosi moja jioni, katikati ya mzaha wa simu, mwanamume aliacha utani ghafla. Kisha akasema, "Nakupenda." Kabla neno halijaisha sauti ilikwama kidogo, ikapanda, ikarudi. Mwanamke alikaa kitandani na simu kifuani, anatabasamu peke yake kama mwehu. Angeolewa usiku uleule kama angeulizwa.

Jumatatu alikuwa dukani, taa zimezimwa, mteja mmoja bibi anasoma herufi ukutani, redio inaongea kwenye chumba cha kusubiri. Ndipo sauti ile ikaingia, tamu, ya polepole, inasifu godoro. *Lala hapa, uamke unapendwa.* Na kwenye "unapendwa" ilikwama kidogo, ikapanda, ikarudi. Vilevile, kabisa.

"Hapo naona vizuri," bibi alisema.

"Vizuri, mama," akajibu, lakini hakuwa amesikia kitu.

Alimpigia akiwa bado na koti la kazi.

"Lile tangazo la godoro ulirekodi lini?"

"Wiki iliyopita. Mpenzi, nini?"

"Kabla ya Jumamosi."

"Kabla, ndiyo, lakini..."

"Kwa hiyo ulifanyia mazoezi kwenye godoro, ndipo ukaniletea mimi."

Maskini, alijitetea. Alibembeleza, akaapa, akamwita majina yote mazuri, na kadiri alivyobembeleza ndivyo sauti ilivyozidi utamu. Mtu ameizoeza sauti yake miaka mingi, ataificha wapi leo? Mwanamke alisikia sabuni, akasikia godoro. Akakata simu. Mwanamume alijaribu tena kesho yake, kisha akaacha, maana aliona kila neno linamharibia.

Wiki zikapita. Tusidanganyane, alikuwa bado anampenda. Kilichomtesa ni kwamba hakujua tena lini anaambiwa na lini anauziwa, na hakuwa tayari kuishi na mtu huku anajiuliza hivyo kila akiitwa mpenzi.

Wazee waliporudi ukumbini alikwenda na dada yake mkubwa, fundi wa nywele asiyependa roki hata kidogo. Ubeti wa tatu ukafika. Mzee Kokoto alifumba macho, akaliendea lile neno, na sauti ikakatika palepale. Mpima macho akalia kwa kwikwi.

"Huyu si ndiye unasema hukatika kila siku neno hilohilo?" dada aliuliza.

"Ndiye. Na ni kweli yake! Akifika hapo anamkumbuka mkewe, afanyeje?"

"Haya. Huyu kakatika miaka nenda rudi unamtetea. Mwenzako kakatika mara mbili tu, umemfukuza."

Mwanamke aliacha kulia. Alinyanyuka, akapenya katikati ya magoti ya watu mpaka kwenye korido, akavaa spika za masikioni. Matangazo ya yule bwana yote yalikuwa mtandaoni, kwenye ukurasa wa studio. Akayasikiliza kama shabiki anavyomsikiliza Kokoto, moja baada ya jingine: sabuni, rangi ya nyumba, bima, unga, matairi. Sauti nzuri, laini, haina hata mkwaruzo. Kazi safi ya mtu anayeijua kazi yake. Alirudi nyuma miaka mitatu, na kukwama kule hakukuta popote isipokuwa kwenye tangazo la godoro, lililorekodiwa baada ya wao kujuana. Moyo ulimpasuka kwa aibu na furaha, vyote kwa pamoja.

Kesho yake mchana alifunga duka, akaenda studio. Mwanamume alikuwa nyuma ya kioo, anasoma tangazo la mabati. Alipomwona akapoteza mstari. Fundi mitambo akamwashiria atoke.

"Siku ile ya godoro," mwanamke alisema bila salamu, "ulikuwa unamuwaza nani?"

Mwanamume alimtazama fundi, akatazama sakafu. "Niliambiwa nimuwaze mtu ninayetamani kumkuta nyumbani. Nikakuwaza wewe. Nikatoka humu naona aibu, maana nilikuwa sijakuambia mwenyewe, na godoro limeshajua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema! Kila nikisema kinatoka kama tangazo. Nikaona bora ninyamaze."

"Nimemtetea mzee nisiyemjua," mwanamke alisema, machozi yanamtiririka, "wewe nikakukana. Nisamehe."

"Nimeshasamehe zamani. Utakubali nikuoe?"

Sauti ilimtoka nyembamba, ya kukwaruza, mpaka fundi mitambo akageukia ukutani kuficha kicheko.

"Nakubali. Ila muulize mama." Akabonyeza simu, akamkabidhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mama, mimi... nilikuwa naomba... kama hutojali, mama..." Akakohoa. Akaanza upya, akakwama palepale.

"Huyu nani tena, mbona haeleweki?" mama aliuliza. "Usiniambie ni yule wa sabuni. Yule najua anavyoongea."

Mwanamke akasogeza mdomo kwenye simu, mkono mwingine umeshika shati la mwenzake.

"Ndiye, mama. Hivi ndivyo anavyoongea asipolipwa."

Redio ikasikika ikizimwa upande wa pili.

"Basi mpe simu vizuri," mama akasema. "Mwambie asiwe na haraka. Nipo, namsikiliza."