Aliyekuja Kunawa

Nilikuwa namenya ndizi uani, jua likizama nyuma ya nyumba za Busanza, mdogo wangu Mugeni alipotoka sebuleni na kusimama mlangoni.

"Dada, matangazo ya jioni hayajatoka tena."

"Hata la marehemu Mukankusi?"

"Hata hilo. Na kuna jingine kwenye foleni. Lina jina la Kaliza."

Kisu kikasimama mkononi mwangu.

Mimi ndiye ninayeendesha tovuti ya matangazo ya misiba ya watu wetu, sisi tuliorudi nyumbani kutoka Karagwe. Iko kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza ya sebuleni. Hakuna kampuni, hakuna fundi. Naandika tangazo, naweka saa, linatoka lenyewe. Siku zile matangazo yalikuwa hayatoki. Asubuhi ile niliandika tangazo la majaribio nione kasoro iko wapi. Nikaweka jina la binti yangu Kaliza, kwa kuwa ndilo lililokuwa mdomoni. Nilikuwa namfokea aamke aende kazini. Nilipanga litoke jioni, nami nilifute kabla. Nikaenda sokoni, nikafua, nikasahau.

Kwetu hutangazi kifo cha mtu aliye hai. Hata kwa majaribio.

"Nakwenda kulifuta," nikasema.

"Usiguse." Mugeni akanishika mkono. "Nimesoma kumbukumbu za mashine, ukurasa sijaufungua. Nimejua tatizo. Saa ya ile tovuti inalala. Haiamki mpaka mtu afungue ukurasa. Tangazo lililopitwa na wakati linakaa pale, linamsubiri mgeni wa kwanza. Akifungua tu, linatoka."

"Mimi si mgeni."

"Kwa mashine ni mgeni. Ukifungua ili ulifute, umelitoa."

Kaliza alikuwa njiani, kwenye pikipiki, akitoka Kimironko anakoshona nguo.

Niliingia ndani, nikapiga magoti, nikachomoa waya ukutani. Feni ya kompyuta ikazunguka... ikapungua... ikanyamaza.

Kisha geti likagongwa.

Nikafungua. Hakuwa mtu wa mtaa wetu. Mama mtu mzima, amevaa umushanana wa kijivu, kama wanawake wanavyovaa misibani. Hakuwa na mkoba wala simu. Mikono ameinyoosha mbele, vidole amevitanua. Udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko. Harufu ikanifikia hapo nilipo, harufu ya shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Poleni," akanong'ona. "Nimekuja kunawa."

Huku, watu wakishazika, hurudi kwa wafiwa wakanawa mikono. Tunaita gukaraba. Hakuna anayekwenda kwake na udongo wa kaburi.

"Umekosea nyumba, mama. Hapa hatujazika mtu."

"Si kwa Mama Kaliza?"

Nikalishika geti.

"Nimeona tangazo," akasema.

"Kompyuta imezimwa."

"Sasa imezimwa." Alisema taratibu, kama anamwelewesha mtoto. "Mimi nilifungua kabla."

Akachungulia uani juu ya bega langu. Hakuona viti, hakuona watu.

"Kweli hamjazika?"

"Hatujazika."

"Basi nimewahi. Nitasubiri."

Akageuka, akakaa kando ya barabara, mikono bado mbele.

Nikafunga geti kwa ufunguo. Mume wangu, Silvère, akatoka bafuni na mwanetu mdogo, Ganza, kwenye taulo.

"Nani huyo?"

"Amepotea."

"Kama anauza kitu, mwambie tumeshafilisika."

Nikampigia Kaliza. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa.

Kutoka bondeni ikaja sauti ya pikipiki. Ikapanda... ikakaribia...

Ikakatika.

Si getini. Chini, kwenye kona.

Nilisimama na ufunguo mkononi. Sikufungua. Mugeni alikuwa nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Mbwa wa jirani alianza kubweka, akaacha katikati.

Geti likagongwa.

"Mama, mbona mmejifungia?"

Nilimvuta ndani kwa mkono. Alikuwa mzima. Ameshika chupa ya maji, tupu.

"Simu yako?"

"Chaji iliisha. Pikipiki nayo imezimika hapo kwenye kona, nikatembea." Akaangalia nyuma. "Yule bibi anamsubiri nani? Ameniomba maji ya kunawa. Nimemmiminia yote."

"Akasema nini?"

"Asante, Kaliza. Sasa naweza kwenda kwangu."

Nikatoka. Kando ya barabara palikuwa na tope jekundu, maji bado yanatiririka. Mtu hakuwepo, kulia wala kushoto.

"Labda ni mgonjwa wa akili," Mugeni akaninong'oneza. "Labda aliliona kweli, kwenye simu ya mtu."

"Labda."

Familia ya Mukankusi ikapiga simu. Maziko ni kesho, tangazo liko wapi? Ili litoke la kwao lazima niwashe, na nikiwasha, atakayefungua atayatoa yote mawili. Nikawaambia mashine imekufa, wapigiane simu.

Ndizi zikaiva. Nikaleta beseni na jagi, nikawanawisha mmoja mmoja. Kaliza akaficha mikono mapajani.

"Mimi nimeshanawa, Mama. Na yule bibi. Alisema tunawe pamoja."

Nikaivuta ile mikono. Ilikuwa baridi. Watu hunawa wakishazika, nasi hatujazika mtu. Nikaisugua kwa sabuni mpaka akalalamika kwamba namuumiza, nikamwaga yale maji nje ya geti, nikarudi.

Silvère. Ganza. Mugeni. Kaliza. Wote wapo.

Nikapakua.