Unga Mweupe wa Karakanani

Kila alasiri akitoka shule, binti wa darasa la sita alipitia karakana ya shangazi yake mfinyanzi, akafagia sakafu na kupanga vyungu karibu na tanuri. Nyumbani walimwita Daktari, maana hakuna ugonjwa ambao hakujifanya anaujua.

Siku moja babu yake alikuwa amejilaza kwenye benchi la karakana, tumbo likimsumbua tena. Wiki iliyopita Daktari alimsindikiza hospitalini, akamwona akinyweshwa kitu kizito cheupe kabla ya kupigwa eksirei. "Ni bariamu, haina neno," mhudumu alisema. Jioni ile tumbo likatulia. Basi, Daktari akajua ndiyo dawa yenyewe!

Sasa, akifagia, akaona gunia wazi limeandikwa BARIAMU. Kumbe dawa ya babu iko hapa hapa! Hakuuliza mtu. Akachota unga kwa kijiko, akaukoroga na maji na sukari, akampelekea.

"Kunywa, Babu. Ni ile ile ya hospitali."

Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni shangazi alipoingia na kuona kijiko juu ya gunia.

"Baba, usinywe!" Alikipiga kikombe kikapasukia ukutani. "Umemeza? Sema, umemeza?"

"Hata tone," babu alijibu, macho yamemtoka pima.

Lo! Daktari alivitazama vipande vya kikombe.

"Lakini ni bariamu, Shangazi..."

"Bariamu ziko za aina nyingi!" Shangazi aliketi chini. "Ile ya hospitali si dawa. Haiyeyuki tumboni, inapita tu ilivyo, na kwa kuwa eksirei haiipenyi, tumbo linaonekana vizuri. Hii ya rangi ya vyungu inayeyuka tumboni na kuingia kwenye damu. Inalegeza misuli, inasimamisha moyo. Watu wanaulia panya! Na mimi nina kosa, sumu haiachwi wazi namna hii."

Daktari akaangua kilio. Babu akamvuta karibu.

"Ningekunywa yote, mjukuu wangu," alisema polepole. "Nisingeuliza hata neno, kwa kuwa umeniletea wewe."

Maneno hayo yalimchoma kuliko makelele yote.

"Umesikia?" shangazi akasema, sasa kwa upole. "Mtu anayekuamini hivyo, usimpe kitu usichokijua. Uliza kwanza."